Dereva Stumai na Upepo wa Hamsini

"Mama, gari limelala!"

Sijui ni mara ngapi nimesikia Stumai Mwinyimvua akipigiwa kelele hiyo katika mji wa Ifakara. Waendesha bodaboda humpigia, wauza ndizi wa Mlabani humpigia, na siku moja alipigiwa hata na katekista ambaye nilimdhania kuwa mtu wa kupima maneno. Wote huona tairi limetanuka kidogo pale linapogusa ardhi, wakahitimisha kwamba mwanamke aliyeshika usukani hajui afanyalo. Nimekaa kiti cha abiria pembeni yake kwa miaka sita. Katika miaka hiyo yote sijasikia mtu akimkosoa hadharani dereva wa kiume kwa ajili ya tairi, ingawa wapo wanaozunguka mjini na matairi yaliyokwisha mpaka nyuzi zinachungulia.

Stumai mwenyewe hutoa mkono dirishani, akajibu kwa sauti yake nene, "Halijalala, limejinyoosha! Na wewe kajinyooshe, umekaa kijiweni tangu asubuhi!" Kisha huondoka polepole, kwa sababu hakuna kinachomfanya aongeze mwendo pasipostahili.

Ana umri wa miaka thelathini na tisa, na ni dereva wa taasisi yetu inayozalisha mbegu za mpunga. Mimi ni afisa wa mbegu. Kazi yangu yote ya mashambani inategemea kama yeye atafika au hatafika. Alizaliwa Mlabani, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa duka la vipuri vya baiskeli. Baba yake, Mzee Mwinyimvua, alikuja huku bondeni kutoka Pwani akiwa kijana na sanduku moja la tyubu. Mzee huyo hakumruhusu mteja yeyote kugusa pampu kabla ya kujibu maswali matatu: unakwenda wapi, umebeba nini, njia ikoje? Mwenye magunia mawili ya mpunga alijaziwa gurudumu la nyuma mpaka likaita likigongwa. Mwenye jembe tu, anayekwenda kukata matope ya shambani, alipunguziwa. Stumai alikabidhiwa pampu akiwa na miaka saba, na ananiambia kuwa mpaka leo hajakutana na mhandisi aliyemuongezea swali la nne.

Baada ya kidato cha nne hakupata nafasi ya kuendelea na masomo. Alilima kwa pawatila, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, katika mashamba ya watu, misimu minne mfululizo, kisha akaenda Morogoro kusomea udereva. Darasani walikuwa wanafunzi ishirini na sita, mwanamke akiwa yeye peke yake, na siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kama amekuja kupika. Hilo hunichoma mimi kuliko linavyomchoma yeye. Yeye husimulia akicheka, kwa sababu mwalimu huyohuyo ndiye aliyemwomba amwondolee gari lake kwenye mtaro siku ya mwisho.

Nisimfanye malaika. Mwaka wake wa pili kazini, akivuka mchanga wa kando ya mto, alishusha upepo hadi kumi, namba ambayo hata yeye sasa anaiita wazimu. Akakata kona kwa nguvu. Tairi likateleza juu ya rimu, likaivuta tyubu, na shingo ya valvu ikakatika. Alilala chini ya gari saa nne nzima juani, akitumia lugha ambayo Mzee Mwinyimvua hakumfundisha. Tangu hapo hashuki chini ya kumi na nane, hata kwenye mchanga, na hakati kona ghafla upepo ukiwa mdogo.

Kila asubuhi, kabla gari halijasogea hata hatua moja, hupiga magoti kando ya kila gurudumu na geji yake mwenyewe ya kupimia upepo. Tairi likishakimbia hupata joto, upepo wa ndani hutanuka, na namba hupanda. Anayepima saa saba mchana, husema, anapima jua. Akimaliza, huandika kwa chaki nyuma ya kile kibao cha kukinga jua juu ya usukani namba za mbele na za nyuma. Kwa barabara ngumu na mzigo mdogo, thelathini na nne mbele na thelathini na nane nyuma. Akipakia mbegu tani nzima, nyuma huenda hamsini. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, masika yakikolea, ishirini na nne.

Utaratibu huo humtia wazimu Teofili, fundi wa matairi wa Lipangalala, ambaye geji ya mashine yake ilikufa zamani. Yeye hupima kwa kugonga tairi na spana, akatega sikio.

"Hilo hamsini," Teofili hutangaza.

"Arobaini na moja," hujibu Stumai, akiondoa geji yake kwenye valvu.

"Geji yako ina husuda."

"Sikio lako lina nta, baba. Kesho nakuletea pamba."

Hawajawahi kugombana kweli. Teofili humwekea kiti akimwona kwa mbali.

Ugomvi wa kweli ulitoka ofisini. Mkuu wetu wa usafiri, Bwana Evod, ni mtu mwadilifu, nadhifu, asiyekula hata lita moja ya mafuta ya taasisi, nami namheshimu kwa hilo. Lakini anaamini kuwa jambo likishapakwa rangi limekuwa kweli. Miaka mitatu iliyopita, wakati wa mavuno, alipima gari lililojaa magunia, akaona hamsini inalifaa gurudumu la nyuma. Akamwita mpaka rangi. Juu ya kila gurudumu la kila gari, la mbele na la nyuma, likiwa limebeba au tupu, kiangazi na masika, yakaandikwa kwa rangi nyeusi maneno haya: UPEPO 50. Mimi mwenye shahada nilipita mbele ya maandishi hayo kila siku nisiseme neno, na kwa hilo najilaumu.

Mwezi Januari mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Bwana Evod aliingia uani na geji, akapima Landikruza ya Stumai, akakuta magurudumu yote manne yako chini ya hamsini. Kesho yake Stumai akanijia mezani na barua ya onyo. Ilisema kuwa akikutwa tena na upepo tofauti na ulioandikwa kwenye gari, ataondolewa kwenye udereva na kupangiwa kazi stoo.

"Dada Rosemery," aliniambia, akiikunja barua mara nne, "nimeshika usukani miaka kumi na moja. Stoo kuna panya na rejista. Nitakufa nimesimama."

"Tukamwone pamoja," nilisema, tayari nimeshainuka.

"Ukienda wewe na hasira zako, nitahamishiwa getini. Kaa."

Februari ikaja safari ya kijiji cha Mofu. Wakulima walikuwa wakisubiri mbegu za kurudishia vitalu vilivyozama, na Bwana Evod akaamua kwenda nasi ajionee. Asubuhi uani, Stumai alipiga magoti kama kawaida, mkuu akiwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo bosi. Tunabeba magunia manane tu, na huko mbele kuna mbuga. Naomba tukifika pale nishushe hadi ishirini na nne."

"Marahaba. Bi Stumai, gari limeandikwa ngapi?"

"Limeandikwa hamsini."

"Basi limejibu lenyewe."

Stumai alimtazama kidogo. "Nitatii, bosi. Lakini tukikwama, nisiambiwe ni udereva."

"Tukikwama," alisema Bwana Evod kwa upole unaoudhi, "tutajua ni udereva."

Nilifungua mdomo. Stumai alinikanyaga kidole cha mguu. Akajaza hamsini kila gurudumu, tukaondoka.

Barabara ngumu tuliiruka kama mbuzi. Kila kijiwe kidogo kilitufikia mgongoni, na kofia ya Bwana Evod iligonga dari mara mbili, lakini hakulalamika. Alishika mkoba wake kifuani kama mtu aliye kanisani. Baada ya kuiacha barabara hiyo tulifika mahali ambapo madereva wamepaita Kwa Mabula. Ni mita mia mbili hivi za udongo mweusi unaong'aa, mpunga kushoto, mpunga kulia. Jina limetokana na Mabula, Msukuma mwenye maksai wanne, ambaye hulima jirani na huchungulia kila akisikia injini.

Stumai aliingiza gia inayosukuma magurudumu yote manne, akaingia polepole, bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Tulikwenda mita thelathini. Magurudumu membamba, magumu kama magogo, yakakata udongo badala ya kuupanda. Tukasikia tumbo la gari likikaa juu ya tope, *puu*, na safari ikaishia hapo. Hakuongeza mafuta hata kidogo. Alizima injini, akaweka mikono mapajani.

"Rudi nyuma," alisema Bwana Evod.

"Nyuma kuna nini, bosi? Tumekalia tumbo."

Mabula alikuwa ameshatokea, na maksai wake wakitembea nyuma yake bila haraka. "Mwangaluka!" aliita kwa salamu ya kwao. "Wandamba leo mmeniletea bosi mwenye tai! Mnataka akalimie wapi?"

"Mimi si Mndamba, mimi Mpogoro," alisema Bwana Evod akishuka. Kiatu chake kilibaki kwenye tope. Mguu ukaendelea peke yake.

"Aaa, Mpogoro! Ndiyo maana. Mndamba, mtu wa majini, angevua viatu nyumbani."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mabula alifunga mnyororo wa jembe, akawaita maksai kwa majina, akapiga mluzi, na gari likang'oka kinyumenyume hadi penye majani makavu. Bwana Evod, suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, alitangaza kwamba tatizo ni kina cha tope, na kwamba safari imeahirishwa.

Hapo Stumai aliinama, akachovya ngumi kwenye udongo, ikazama hadi kiwiko. Kisha akaweka kiganja kilichofunguka pembeni yake na kukiegemea. Kikazama kidogo tu. "Uzito ni uleule, bosi. Nimeutandaza tu. Tairi lenye upepo mdogo hujitandaza hivi."

"Mkono si tairi," alisema Bwana Evod.

Mabula aliyekuwa akikunja mnyororo aliinua kichwa. "Bosi, unajua kwa nini huku sileti punda? Nilikuja naye mwaka wa kwanza. Kwato ya punda ni moja, ngumu, inaingia kwenye mbuga kama mchi kwenye kinu. Nilimvuta kwa kamba siku nzima. Kwato ya ng'ombe imepasuka kati. Akikanyaga tope inafunguka, akiinua inajifunga. Angalia mwenyewe."

Bwana Evod alichuchumaa, akaangalia mguu wa maksai ukikanyaga. Aliangalia muda mrefu. Alimgeuza yule mnyama apite tena.

"Inafunguka," alisema.

"Inafunguka," alisema Mabula.

"Bi Stumai, shusha ishirini na nne."

Tangu asubuhi mwanamke huyu alikuwa amesema maneno hayohayo kwa Kiswahili fasaha, na hakusikilizwa. Ng'ombe alisema mara moja kwa mguu, akaaminiwa. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani. Stumai alinipa kifuniko cha valvu nimshikie, ili mikono yangu iwe na kazi.

Upepo ulitoka ukipiga mluzi, gurudumu moja baada ya jingine, yeye akipima na kupima tena. Matairi yalitanuka kwa chini. Akaingia kwenye tope palepale, hatua moja pembeni ya mitaro tuliyokata, na gari likatambaa kama konokono mwenye shughuli zake, likiyumba kidogo, likinung'unika, lisisimame. Upande wa pili Bwana Evod alipiga makofi. Naapa alipiga makofi. Nyuma yetu Mabula alipaza sauti kwamba tunamharibia kazi.

Mofu tulipokelewa kwa wali na perege, tukagawa mbegu, tukamaliza saa saba na nusu. Bwana Evod alikuwa na kikao Ifakara saa tisa, na alikuwa mtu mpya. Njia nzima ya kurudi, tukivuka tena Kwa Mabula bila shida, alizungumza juu ya kwato. Tulipofika penye barabara ngumu na kutambaa juu yake kilomita mbili tukitafuta pahali pa kuegesha, Stumai akaegesha, akafungua boneti na kuchomeka pampu yake ndogo kwenye betri.

"Unafanya nini?" aliuliza Bwana Evod.

"Narudisha upepo. Nusu saa hivi."

"Nusu saa! Nina kikao. Na kwa nini urudishe, wakati hii ishirini na nne imetufaa hivi? Kesho namwita mpaka rangi. Kila gari, upepo ishirini na nne! Twende, na tukimbie."

"Hapana, bosi."

Lilikuwa neno fupi sana kwa mtu mwenye barua ya onyo. Bwana Evod alidhani hakusikia vizuri.

"Asubuhi ulitii."

"Asubuhi ulinipeleka kukwama. Kukwama ni aibu, nikaikubali. Sasa unanipeleka kupasuka. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia, mbavu zake zinajikunja na kujikunjua kila mzunguko, linapata moto, linapasuka. Hapo si aibu tena, ni msiba. Siendeshi."

"Unajua barua yako inasemaje?"

"Naijua kwa moyo." Alimnyooshea funguo. "Hizi hapa. Stoo nitakwenda kesho, lakini leo gari hili halikimbii hivi nikiwa usukanini."

Bwana Evod alichukua funguo, akaketi kwenye kiti cha dereva, akawasha. Mimi nilikuwa nimeshashuka. Nilisimama pembeni ya Stumai kando ya barabara, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisema nilichokuwa nacho: "Bwana Evod, mimi sipandi. Na kwenye ripoti nitaandika kwa nini."

Injini ilinguruma pale pale dakika nzima. Stumai akaenda taratibu kwenye dirisha la dereva.

"Bosi. Kaka. Kabla hujaondoka, shuka ushike tairi tu. Tumetambaa kilomita mbili, mwendo wa baiskeli. Shika."

Alishuka kwa hasira, akaweka kiganja ubavuni mwa tairi la nyuma. Akakiondoa. Akakirudisha, akahamia la pili, la tatu, akalizunguka gari zima. Aliporudi alikuwa ameshavua tai.

"Joto hili ni la mwendo wa baiskeli?"

"La mwendo wa baiskeli."

"Na ningekwenda themanini." Alizima injini na kumrudishia funguo zake. Kisha akauliza, kama mwanafunzi, "Kwa hiyo namba sahihi ni ngapi?"

"Ya wapi?" alisema Stumai. "Umebeba nini?"

Bwana Evod alifikiri, akachuchumaa na kushika mpira wa pampu. Aliushika kwa magurudumu yote manne, akisoma geji kwa sauti kila dakika, kwa unadhifu uleule anaosomea stakabadhi. Tulifika Ifakara saa kumi kasorobo. Kikao kilikuwa kimekwisha, na hakuna aliyekufa kwa kukikosa.

Siku ya Jumatatu Stumai aliitwa ofisini kwa Bwana Evod. Nilimsubiri kwenye korido kwa dakika kumi ambazo sitaki kuzirudia. Alitoka na karatasi mbili. Ya kwanza ilifuta barua ya onyo. Ya pili ilikuwa fomu mpya ya safari kwa madereva wote, yenye safu ya upepo iliyoachwa wazi, na chini yake imeandikwa kuwa dereva ndiye mwamuzi wa upepo wa gari lake, kwa njia na mzigo wa siku hiyo.

Ijumaa madereva sita waliitwa kufundishwa fomu hiyo. Bwana Evod alisimama mbele yao, akaeleza kwa ufasaha mkubwa habari ya mzigo, njia na joto, akamalizia, "Kama ambavyo nimekuwa nikiwaambia siku zote."

Siku zote! Nilikuwa nimeshasukuma kiti nyuma. Stumai alinivuta sketi nikakaa.

"Dada, mwache. Usukani ninao."

Akachukua geji mezani na kutoka kabla mafunzo hayajaisha, maana alikuwa na safari ya Mlimba, jua lilikuwa linapanda, na alitaka kupima matairi yakiwa bado ya baridi.